Ulikuja Kunichukua

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hukujifunza kusoma, na hata kama ungejifunza, hakuna njia ya karatasi hii kukufikia huko uliko. Ninaiandika kwa sababu nimekaa miezi mitatu na habari zako kifuani na sijapata mtu wa kumweleza zote. Mume wangu nimemweleza nusu. Watoto sijawaeleza kitu. Wewe ndiye mwenye habari zenyewe, kwa hiyo acha nikueleze wewe.

Nianze na yale tunayoyajua sote wawili, maana si mengi.

Nyumba yetu pale Kang'ata ilikuwa ya mwisho upande wa bondeni, mahali udongo unapoacha wekundu na kuwa mweusi. Mama alifariki akinizaa. Baba alifuatana na msafara wa wapagazi kwenda bara kabla sijaota meno, hakurudi. Bibi alikuwa amekwisha kutangulia. Tulibaki wawili, mzee na mtoto, na watu walipokuuliza utaoa lini tena ulikuwa ukinionyesha kwa kidole ukisema, "Mke wangu huyu hapa, nangoja akue." Mimi nilinuna, nikasema sitaki mume mwenye mvi, na wewe ulicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Sikumbuki ukiniimbia wala kunisimulia hadithi. Nakumbuka kazi. Mvua za kwanza zikilowesha ardhi uliokota donge la udongo, ukalivunja, ukalinusa, kisha ukasema "bado" na kurudi ndani, au hukusema kitu ukachukua jembe. Ukichukua jembe nilijua siku imefika. Ulitangulia ukichimba mashimo, mimi nyuma yako nikidondosha mbegu za mtama na kufukia kwa mguu. "Tatu," ulikuwa ukisema bila kugeuka. "Ukitia nne zitagombana." Sijui ulijuaje nilipotia nne, lakini ulijua kila mara.

Mtama ulipotoa masuke tulihamia juu ya dungu ulilojenga katikati ya shamba, tukawinga ndege kutwa nzima. Ulinifundisha kutumia kombeo. Sikuwahi kumpiga ndege hata mmoja, na wewe hukuwahi kunicheka kwa hilo.

Tulikuwa juu ya dungu hilo nzige walipokuja. Ilikuwa alasiri. Mimi nilidhani ni moshi, nikakwambia kuna watu wanachoma pori upande wa mashariki. Wewe ulisimama, ukatazama, ukashuka mbio. Uliwasha moto pembe zote za shamba ukitupia majani mabichi, ukapiga ngoma mpaka ngozi ikapasuka, kisha ukapiga ubao kwa mpini wa jembe. Walitua hivyo hivyo. Asubuhi mtama wote ulikuwa vijiti vitupu, na wewe ulipita mstari kwa mstari ukishika kila kijiti kwa vidole viwili, kama mtu anayewasalimu wafiwa.

Baadaye mayai yao yaliangua ardhini, wakatoka tunutu, wakamaliza hata kile kilichochipua upya. Mvua nayo ikakata. Tukaanza kula viazi vya porini, vile vinavyolazwa majini siku tatu ili visiue mtu. Wakaja funza, wakaingia kwenye nyayo za watu, na mtu asiyeweza kutembea hawezi kuchimba viazi. Nyumba za jirani zilinyamaza moja baada ya nyingine.

Chini ya kitanda chako ulikuwa umefukia kibuyu cha mbegu. Nilijua kilipo. Siku moja ulipokwenda bondeni nilikifukua, nikatafuna konzi moja ya mtama mkavu, na ulinikuta bado natafuna. Ulinichapa, babu. Ni siku hiyo moja tu uliyonichapa maishani mwangu. Ulipomaliza ulikaa chini ukaishika miguu yangu kwa mikono miwili, ukasema, "Hiki si chakula, Tabu. Huu ni mwaka ujao."

Siku chache baadaye tuliondoka kwenda Korogwe. Watu walikuwa wanasema kuna Wazungu wa misheni kule wanaopokea watoto na kuwapa uji. Ilituchukua siku sita, kwa sababu ya miguu yako na tumbo langu. Njiani uliniziba macho kwa kiganja kila tulipopita kitu ambacho hukutaka nikione, mpaka mwisho ukachoka kuinua mkono.

Nilidhani tutabaki wote. Ulipoongea na yule mama aliyekuwa akipokea watoto ndipo nilipofahamu kwamba unaniacha. Nililia nikasema nami nitarudi nawe kulima. Ulisema mtoto hawezi kungoja mavuno kwa njaa ile, mtu mzima anaweza kujaribu. Ukainama ukaniambia maneno ambayo niliyashika kwa miaka: "Mtama ukiiva nakuja kukuchukua." Kisha ukaenda. Nilikutazama ukitembea kwa pembeni mwa nyayo zako kwa sababu visigino vilikuwa vimeliwa na funza. Nilikutazama mpaka ulipofika mtoni.

Hadi hapo tunajua sote. Sasa nitakueleza usiyoyajua, halafu nitakueleza niliyokuja kuyajua juu yako.

Mwaka wa kwanza nilikaa karibu na mlango kila nilipoweza. Mvua ilirudi upande wa Korogwe, na wazazi wa watoto wa karibu walianza kuja. Nilimwona mama mmoja akimkuta mwanawe akamnusa kichwa chote kabla ya kumkumbatia. Nilijiambia Kang'ata ni mbali, mtama wa kwetu huchelewa. Mavuno yakapita. Mwaka wa pili watu walikuja hata kutoka Handeni, wakachukua watoto wao, na nilimwuliza kila mmoja kama amepita kwetu. Hakuna aliyepita. Mavuno ya pili nayo yakapita, na hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka.

Nilikukasirikia, babu. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na mtoto wa miaka kumi akikasirika hana mahali pa kuiweka hasira yake. Nilisema umenitupa. Nilisema umeoa mwanamke mwingine, una watoto wengine, mtama unaiva na mnakula. Padre alipouliza nani kati yetu yuko tayari kubatizwa nilitangulia mbele ya wote. Wakanipa jina Agnesi. Nililipenda kwa sababu wewe hukulijua. Msichana aliyeniita Tabu nilimpiga. Nilifanya hivyo mpaka hakuna aliyelitumia tena, na wasichana wapya waliokuja hawakujua kabisa kwamba niliwahi kuwa na jina lingine. Kizigua nacho nikaacha kukisema.

Basi nikakua. Nikajifunza kusoma, kuandika na kushona. Nikaolewa na fundi seremala anayefanya kazi kwenye reli, mtu mpole, tukajenga hapa Masuguru. Nina watoto watatu. Wewe sikukutaja. Mume wangu aliponiuliza watu wangu nilimwambia walikwisha na njaa, akaridhika, maana nusu ya watu wa hapa wana jibu hilohilo.

Miezi mitatu iliyopita nilikwenda gulioni kununua chumvi. Palikuwa na mama mmoja mtu mzima anauza tumbaku, na nilimsikia akimkemea mteja kwa Kizigua cha kwetu, kile kinachovuta maneno mwishoni. Nilisimama. Nilimwuliza anatoka wapi, akasema Kang'ata. Sikujua nitamwuliza nini tena, nikamwuliza tu kama yupo mtu anayelima kule bondeni, kwenye udongo mweusi. Akasema hapana, pale ni pori siku hizi. Mwenyewe aliondoka zamani na unga kichwani akaja huku Korogwe kumchukua mjukuu wake, hakuonekana tena.

Nilikaa chini palepale kwenye tumbaku yake.

Anaitwa Mama Sikujua. Alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu, nami simkumbuki, lakini yeye alinikumbuka mtoto asiyejua kulenga kwa kombeo. Juma lililofuata nilifuatana naye kwenda Kang'ata. Kwenye njia ile ndipo aliponieleza maisha yako, mengine hata wewe hukuwahi kunieleza.

Alisema mama mkwe wake ndiye aliyekukaribisha pale. Uliingia ukiwa kijana na shoka moja tu. Watekaji walikuwa wamevamia kijiji chenu upande wa mtoni ukiwa porini unakata miti, na uliporudi ulikuta majivu. Wazazi wako na dada zako wawili walikuwa wamekwisha kupelekwa pwani. Nilipokuuliza zamani kuhusu wazazi wako ulisema wanalima mahali mbali. Nikaamini. Mama Sikujua alisema hakuna aliyetaka lile bonde kwa sababu ya miiba na nguruwe, wewe ukalikata peke yako misimu mitatu, ukiishi katika kibanda cha majani. Uliwaambia wazee kwamba unataka mahali ambapo hakuna mtu atakayepita njiani.

Kisha alinieleza miaka ile niliyokungoja hadi nikakukasirikia. Uliporudi kutoka Korogwe ulipanda nusu ya mbegu za kibuyu. Mvua ikanyesha siku nne ikakata, miche ikaungua. Mwaka mzima ulichimba viazi vya porini, na kibuyu kilikuwa pale na nusu yake ya mbegu, na hukukigusa. Mama Sikujua aliwahi kukukuta umelala kando ya njia huwezi kuinuka. Alikwambia ule mbegu zile, mjukuu wako yuko mahali penye chakula, hutadaiwa na mtu. Ulimwambia, "Nikizila nitakwenda kumchukua nimpeleke wapi?" Mwaka uliofuata ulipanda zilizobaki, lakini ulianguka homa wakati wa palizi, magugu yakasonga shamba, ukapata vikapu viwili tu, ukavifanya mbegu tena. Mwaka wa tatu ndipo mtama uliiva. Ulitwanga, ukasaga, ukaezeka nyumba upya, ukatengeneza kitanda cha pili. Mama Sikujua alikiona kitanda hicho. Alisema ulikipima kwa mkono hewani, ukikisia nimefikia kimo gani.

Bondeni hatukukuta nyumba. Tulikuta miiba. Nilijaribu kuingia nikarudi nimechanika mikono. Mama Sikujua alingoja juu akivuta tumbaku yake.

Nilirudi Korogwe nikijua kwamba ulikuja. Nilikuwa sijui ni kwa nini hukunipata. Nilikwenda misheni, nikauliza nani alikuwa mlinzi mlangoni miaka ile, wakanielekeza kwa Mzee Filipo, ambaye siku hizi amekuwa kipofu wa jicho moja na anasuka mikeka hapa hapa Masuguru, mwendo wa dakika chache kutoka kwangu. Nimekuwa nikimwamkia kila Jumapili.

Nilimwuliza kama anamkumbuka mzee wa Kizigua aliyekuja na kikapu cha unga kumtafuta mjukuu. Aliacha kusuka. Alisema anamkumbuka, na hapo hapo alianza kueleza kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Alikuwa mgeni kwenye kazi ile, miezi miwili tu. Ndui ilikuwa imepita karibuni. Ulifika asubuhi, ukamwambia umekuja kumchukua Tabu uliyemleta mwaka wa njaa. Yeye hakumjua Tabu. Akaenda jikoni kuuliza, na wale akina mama wakamwambia Tabu alikufa kwa ndui. Walisema kweli. Palikuwa na Tabu mwingine, mtoto mdogo wa Kibondei, naye alikufa. Wa pili ni mimi, na hakuna aliyekuwa akinifahamu tena kwa jina hilo.

"Nilimpeleka kaburini mimi mwenyewe," Mzee Filipo alisema. "Nikamwonyesha kwa mkono wangu huu."

Alisema hukulia. Ulipiga magoti ukang'oa majani yote yaliyoota juu ya lile kaburi, ukayaweka pembeni, ukasawazisha udongo kwa viganja. Ulikaa pale hadi alasiri. Wasichana walikuwa mtoni wanafua, na waliporudi na nguo vichwani, wakiimba, ilimbidi awafuate awaambie wapunguze sauti kwa sababu kuna mfiwa. Walipita karibu, alisema, hatua thelathini pengine. Uliinua kichwa ukawatazama, kisha ukainama tena.

Mimi nilikuwa miongoni mwao. Sina shaka, kwa sababu kufua kulikuwa zamu ya bweni letu mwaka ule mzima. Nimejitahidi kuikumbuka siku hiyo na siwezi. Tulinyamazishwa mara nyingi sana. Nilikuwa nimerefuka, kichwa kimenyolewa, nimevaa shuka jeupe kama wenzangu wote. Ungenijuaje?

Lakini liko jambo moja ninalolikumbuka, babu. Mzee Filipo alisema ulipoondoka ulimwachia kikapu cha unga ukamwambia awape watoto wengine. Mimi naikumbuka jioni hiyo. Tulizoea unga wa mahindi, na jioni moja tuliletewa ugali wa mtama mwekundu, mtama usiolimwa huku Korogwe. Nilitia tonge moja mdomoni nikaanza kulia, wenzangu wakacheka wakadhani nimejiuma ulimi. Niliuliza umetoka wapi unga huu. Mama wa jikoni akasema kuna mzee mmoja ameuleta, mcha Mungu. Nikala nikamaliza, nikaomba kuongezewa.

Nilipomaliza kumsikiliza Mzee Filipo sikumwambia mimi ni nani. Mtu yule ni mzee na ana mikeka yake, sikutaka kumtwika hilo. Nilimwuliza tu ulielekea wapi. Alisema hukutaka kurudi kwenu. Ulimwuliza kazi inapatikana wapi, na yeye akakuonyesha kundi la watu lililokuwa likikusanywa kupanda Vugiri, kwenye shamba la kahawa la Mjerumani mmoja. Ukaenda nao.

Vugiri, babu. Nikitoka nje ya mlango wangu nikainua macho, ile ndiyo milima ninayoiona. Watoto wangu huitazama kujua kama mvua inakuja.

Nilipanda mwezi uliopita. Mume wangu alinisindikiza mpaka chini ya mlima, kisha akarudi kazini, nami nikaendelea na akina mama wa Kishambaa waliokuwa wanatoka kuuza ndizi. Nilifika nimechoka, kuna ukungu na baridi ya kuuma masikio, nikafikiria mtu wa Kang'ata aliyezoea jua aliishije pale. Niliuliza kwa manamba wawili watatu, mwisho nikapelekwa kwa Mama Kiondo, aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi wa shamba hilo. Nilimtajia jina lako. Alinitazama usoni, akaniuliza mimi ni nani wako. Nilisema mjukuu.

"Huyo hakuwa na mjukuu," alisema. "Mjukuu wake alikufa."

Nilimweleza. Aliingia ndani akaniletea uji, akakaa karibu nami hadi nilipoumaliza, ndipo akaanza.

Uliishi kule miaka tisa. Ulipalilia kahawa, na nyapara alikupenda kwa kuwa hukutegea, ingawa ulikohoa tangu mwaka wa kwanza. Walipokuandikia kipande, ile kadi ya mkataba wa kazi, walikuuliza jina la ndugu, ukasema huna. Wenzako walimaliza mikataba wakarudi makwao, wewe ukaomba kipande kingine, na kingine. Hukulima shamba lako mwenyewe. Mama Kiondo alikupa kipande cha mteremko nyuma ya nyumba yake upande mahindi, maana aliona wewe ni mkulima. Ulimshukuru, ukamlimia yeye. Alipokuuliza kwa nini hujilimii, ulimwambia umekwisha kulima.

Nilipata shida kulisikia hilo kuliko yote, babu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia umekufa. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba uliacha.

Siku za mapumziko, ukungu ukiondoka, ulikuwa ukikaa ukingoni mwa mlima ukiangalia bondeni. Kutoka pale huonekana mto, reli, na mapaa ya Korogwe. Wenzako walikutania kwamba una mke huko chini. Hukukasirika. Uliwajibu, "Ndiyo. Mke wangu amezikwa kule." Wakaamini una maana ya mke, wakakuacha.

Ulifariki miaka miwili iliyopita, msimu wa baridi, kwa kifua. Mama Kiondo alikufunga mwenyewe sanda. Wakati huo mtoto wangu wa pili alikuwa anaanza kutembea. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nafanya nini juma lile na sina ninachokumbuka. Pengine nilikuwa natwanga, pengine nilikuwa nagombana na jirani juu ya kuku.

Nilimwomba anionyeshe kaburi. Tulishuka upande wa chini wa shamba. Kahawa ilikuwa imeshindwa na udongo wa kule, ikaingia wadudu, na mwenye shamba alikuwa ameamuru miti ing'olewe na mteremko wote uchimbwe upya kwa matuta. Makaburi ya wafanyakazi hayakuwa na alama. Mama Kiondo alitembea juu na chini, akasimama, akasogea, akasimama tena. Mwisho alinyoosha mikono miwili akasema ni kati ya hapa na pale. Palikuwa pakubwa kama uwanja wa kanisa, udongo mtupu uliogeuzwa. Nilitaka kupiga magoti na sikujua nipige wapi.

Kwa desturi yetu ningekufanyia tambiko, lakini tambiko linataka kaburi na linataka mtu wa ukoo wa kiume anayejua maneno, na hakuna. Padre ameniambia nikuombee. Nimejaribu. Naanza sala, nafika kwenye jina lako, nasimama. Mama Sikujua alisema niende Kang'ata nikalifyeke lile bonde, nipande angalau mistari miwili. Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba mikono yangu imezoea sindano, mume wangu ni mtu wa reli, na watoto wangu hawajui Kizigua. Sitakwenda. Nakwambia wewe kwa sababu siwezi kukudanganya, ingawa yeye nimemdanganya.

Watu wa huku husema ni heri kujua. Mume wangu ndivyo alivyosema, kwa upole, nilipomweleza ile nusu: angalau sasa unajua kwamba alikupenda. Nilimjibu ndiyo. Lakini nikikaa peke yangu jikoni mchana, watoto wako nje, najiuliza kujua kumenipa nini. Zamani nilikuwa na babu mbaya aliyenitupa, ambaye huenda alikuwa hai mahali fulani anakula mtama wake. Babu huyo nilimchukia na nilimweza. Wewe sikuwezi. Nikiamka nakuona ukipima kitanda hewani. Nikilala nakuona ukisawazisha udongo juu ya mtoto wa watu.

Hasira ile ndiyo iliyonilea, babu. Ndiyo iliyonifanya nijifunze kusoma haraka kuliko wenzangu, ili siku moja ukija ukute sikuhitaji. Ndiyo iliyonisimamisha siku ya harusi yangu bila mtu wa kwetu hata mmoja. Niliishi nayo miaka yote kama mtu anavyoishi na ndugu mkorofi. Sasa imekwisha, imeniacha mara moja pale mlangoni kwa Mzee Filipo, na mahali ilipokuwa hapana kitu. Nilidhani upendo ungeingia hapo. Haukuingia. Nimekaa nikingoja karibu miezi mitatu.

Kwaheri, babu. Ukinisamehe sitajua, na usiponisamehe sitajua.

Ni mimi mjukuu wako,
Masuguru, Korogwe.